Barabara Iliyomwagiwa Maji

Jumatano, Septemba

Eti kamati ya kijiji! Mwenyekiti wetu ametuamuru wanawake tumwagie barabara maji, kwa kuwa mkaguzi wa mkoa anakuja kuona vumbi la malori ya mahindi tunalolilalamikia.

Mkaguzi kashuka na shati jeupe. "Mama, mbona vumbi silioni?"

Mwenyekiti akadakia, "Wanazidisha tu, mzee!" Wajinga wakacheka. Wanakamati wakaandika kwamba hewa ni safi, malori yaendelee kupita hapa hapa, mlangoni kwetu, kwa mume wangu mwenye pumu.

Halafu eti mimi, mama wa jumuiya ya kanisa, nifunge kikao kwa sala. Nikasali: "Bwana, mrudishe mgeni wetu siku ambayo hatujamwaga maji."

Nikafumbua macho. Mkaguzi alikuwa anazitazama ndoo zetu.

Mume wangu anakohoa. Mungu anisamehe, sijutii.