Kaka, Mwanao Anataka Mashine Isiyo na Mkanda

Kaka yangu Athumani,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kukuanza bila shikamoo na siachi leo, ingawa leo nimekuja na hasira. Nina hasira na mwanao, nina hasira na muuza mashine mmoja wa Kariakoo, na usininunie, nina hasira na wewe pia, uliyelala huko umetulia, hakuna wa kukuuliza kitu.

Zuhura anataka kununua mashine ya kukereza. Ndiyo, Zuhura wako, mama wa watoto wawili sasa, mwenye kazi yake ya ukarani kule Mikocheni. Ameamua kulifufua banda lako la Bunju, pale nyuma ya nyumba, awe anakereza mabakuli na sinia za mbao siku zake za mapumziko, mpaka siku moja aweze kuwaaga wenzake wa ofisini. Kazi amejifunza kwenye simu. Kwenye simu, kaka. Mie niliyeshika patasi yeye hajaota meno, mie ambaye nusu ya Temeke wamezaliwa juu ya vitanda nilivyokereza miguu yake, nakalishwa kwenye kochi la shemeji naonyeshwa mtu amevaa aproni safi anachonga bakuli, halafu naulizwa kama nimeelewa.

Niliishia darasa la tano, hilo kila mtu analijua na wewe ulikuwa hulifichi. Lakini mbao naielewa. Unakumbuka lile bakuli la mninga nililolikereza likawa jembamba hata ukiwasha mshumaa ndani unasoma gazeti kwa nje? Ulikuwaga unanikosoa mbele za watu kwamba halikuwa gazeti, ilikuwa kalenda. Sawa, ilikuwa kalenda. Lakini ilisomeka.

Kwamba mwanamke anataka kukereza, hilo halikunikera. Mikono yake ni yako, akishika ubao anaupapasa kwanza kama unavyopapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Kilichonipandisha hasira ni mashine aliyoichagua. Kidude cha kuweka juu ya meza, chepesi, unakibeba kwapani kama redio. Hakina mkanda wala puli, mota imeshikana moja kwa moja na kichwa kinachozungusha mti, unazungusha kitufe mwendo unapanda. Nikauliza mwendo wa chini ni upi. Akasoma kwenye karatasi, mizunguko mia saba na hamsini kwa dakika. Nikamwambia hiyo siyo chini, mwanangu. Ukifunga gogo la bakuli ambalo bado halijawa mviringo, upande mmoja mzito upande mwingine mwepesi, ukalianza na mwendo huo, mashine nzima itacheza singeli na gogo litakutafuta.

Nikamweleza anachohitaji. Mashine ya kati. Siyo hicho kidude, na siyo lile dubwana la karakana yetu ya Keko lililotaka umeme wa njia tatu na msingi wa zege. Ya kati, nzito, yenye miguu yake ya chuma, urefu wa kutosha mguu wa meza, nafasi ya kuzungusha bakuli la ubwabwa wa watu sita. Iende na umeme wa kawaida wa nyumbani, na kitufe chake kishuke mpaka sitini, uweze kuuona mti unavyopita mbele yako. Nilikuwa nimeiona dukani. Ndani ina mkanda mfupi wenye nafasi mbili, kwa sababu ukiuweka kwenye nafasi ya chini mashine inakuwa na nguvu hata ikienda polepole. Kitufe kinabadilisha mwendo, mkanda unaleta ubavu.

Mwanao akanisikiliza mpaka mwisho, maana adabu ulimfundisha. Kisha akasema, "Bamdogo, yenye mkanda sitaki. Mkanda ndio uliomvunja Baba."

Nilikuwa nina soda mdomoni. Ilitafuta njia ya puani.

Hebu sasa tuseme, kaka, mie na wewe peke yetu. Ile hadithi nimeisimulia mara ngapi? Kwamba mashine yetu ya Keko, ile tuliyounganisha kwa mota ya kusagia mahindi na puli tatu, iliruka mkanda yenyewe siku moja mchana kweupe. Kwamba gogo la mkongo lilichomoka, likavuka barabara, likapita kati ya baiskeli mbili bila kuzigusa, likamwagia muuza chipsi mafuta yake chini, na mie nikaruka kukukinga nikachelewa kwa unywele mmoja. Nimeisimulia vijiweni, nimeisimulia harusini. Nimeisimulia kwenye arobaini yako, watu wamekaa kwenye mkeka wamekula pilau yako, na wakacheka.

Gogo lilikwenda hatua mbili tu. Na wewe ndiye uliyekuwa kwenye hatua ya pili.

Mkanda haukuruka. Ulikuwa kwenye puli ya mwendo mkali kwa sababu asubuhi tulikuwa tunakereza vijiti vya kiti. Gogo lilikuwa bado na magome. Uliniambia nihamishe mkanda uende puli ya pole kabla sijawasha, ukageuka kufuata msasa. Kuhamisha mkanda ni kuzima, kulegeza, kuvuta, kukaza tena, na palikuwa na wateja wawili wamesimama wananitazama, na mie nilishawaambia kwamba siku hizi naanza gogo lolote na mwendo wowote. Nikawasha. Ulikuwa unarudi na msasa wako, unapita mbele yangu.

Watu walipojaa wakauliza kumetokea nini. Wewe, umelala kwenye vumbi la mbao na bega limekaa mahali ambapo mabega hayakai, ukasema, "Mkanda umeruka." Hospitali nikataka kusema. Ukanishika kwa mkono mzima ukaniambia, "Nani atampa kazi fundi aliyemvunja ndugu yake? Nyamaza."

Hapo ndipo hasira yangu kwako ilipo. Nani alikutuma? Ungeniacha niaibike wiki mbili, mwezi, nikarudi kazini. Badala yake ukanipa uongo mdogo, na unanijua, mie ukinipa kipande cha mbao sikirudishi vilevile. Nikaukereza. Nikauwekea miguu ya kupendeza, nikaupiga vanishi, mpaka umekuwa fanicha ya familia. Na sasa mwanao anataka kuukalia.

Nikajaribu kumgeuza bila kusema. Nikaenda naye Kariakoo. Muuzaji, kijana mwenye kalamu sikioni, akaniuliza kama naweza kuyasoma maandishi ya kwenye mashine au anisomee. Kisha akamsifia Zuhura kidude kile, eti kinakimbia kuliko vyote, eti hata mafundi wakubwa wanachukua hicho. Nikamwambia anayeanza bakuli hahitaji kinachokimbia, anahitaji kinachotambaa. Akacheka, akasema mzee anaogopa. Mwanao akatabasamu naye. Akaniambia Jumamosi anarudi kukichukua.

Ijumaa baada ya swala nikapanda kwenda Bunju. Nilimkuta bandani anapiga msasa mlango, nywele zote vumbi, nusura nikuite wewe. Nikamwambia. Sikuweka baiskeli, sikuweka chipsi. Nilisema mkanda ulikuwa mahali ambapo mie niliuacha, na baba yake alishaniambia niuhamishe.

Alipiga msasa kidogo, akaacha.

"Kwa hiyo kwenye arobaini, unasimulia, Mama anacheka, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilikuwa najua.

"Mimi ndiye nilikuwa namvalisha kanzu," akasema. "Mkono haupandi. Kila Idi namvalisha, naulaani mkanda."

Nikawa natazama lile vumbi la mlango linavyoshuka, na nilikukumbuka asubuhi za Idi, unavyoinama kidogo ili binti akufikie shingoni, na mie nimekaa mlangoni nakuharakisha kwamba swala itatupita.

Akaniambia Mama yake nitamwambia mwenyewe, yeye hanisaidii. Nikaingia ndani nikamwambia. Shemeji alinyanyuka akaenda kuanua nguo kwenye kamba, na zilikuwa bado zinachuruzika maji. Nikaondoka bila kuagwa, na sikumbuki nyumba yako iliwahi kuniacha nitoke hivyo.

Jumamosi ikapita. Nilikaa na simu mkononi siku nzima, najua kwamba huenda pale Kariakoo wanafunga kile kidude kwenye boksi, kwa sababu mtu akikukasirikia anaweza hata kukataa ukweli wako. Jumapili kimya. Jumatatu akapiga. Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani.

"Ile inayoshuka mpaka sitini. Bado ipo?"

Tukarudi dukani. Safari hii hakumpa yule kijana nafasi ya kutueleza kinachokimbia. Akamwambia, "Tuonyeshe inavyokwenda polepole." Kijana akawasha, akateremsha kitufe mpaka chini, mashine ikawa inazunguka kama mwanamke anayekoroga uji bila haraka. Zuhura akaweka kiganja kwenye kichwa cha mashine kusikiliza mtetemo. Akaomba kifuniko kifunguliwe. Akautazama ule mkanda muda mrefu, akauhamisha mwenyewe kutoka nafasi moja kwenda nyingine, akaurudisha, akauhamisha tena. Kijana akasema wateja wengi hawaulizagi hayo. Nikataka kumwambia wateja wengi hawana baba kama wake, lakini mwanao alinitupia jicho, nikaacha.

Juzi tumeifunga bandani. Ilishushwa na watu wanne, na mie nilibeba upande mmoja peke yangu. Sawa, nilishika upande mmoja. Alikuwa na gogo la mfenesi kutoka kwa jirani, lina magome yake yote. Akalifunga, akakaza mkia wa mashine ule unaolishikilia gogo kwa upande wa pili, akaliviringisha kwa mkono kwanza kuona kama linagusa mahali. Akateremsha kitufe mpaka mwisho. Kabla hajawasha akageuka akanitazama.

"Bamdogo, sogea. Umesimama usawa wa gogo."

Tangu Ijumaa ile alikuwa hajaniita Bamdogo. Lakini kaka, kusogezwa mie? Na mtu ambaye hajakereza hata mpini wa mwiko? Nilifungua mdomo, na majibu nilikuwa nayo ya kutosha kumaliza mchana.

Nikasogea.

Basi, pumzika. Shemeji bado hanisemeshi, na sitamharakisha. Hasira yangu kwako naipunguza kidogo, siyo yote.

Mdogo wako,
uliyemnyamazia.