Udongo wa Nyuma ya Ghala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Endabash? Mguu wa baba umepona? Neema wangu bado analala na ile kanga yangu? Mimi ni mzima wa mwili. Neno hili nimeshindwa kulisema kwa simu, maana nikisikia tu sauti yako nalia.

Unajua nafanya usafi kwenye maabara huku Morogoro. Nilichokuficha ni kwamba mwezi uliopita walileta udongo wa kwetu, ule wa nyuma ya ghala bovu la dawa za wadudu, pale Elia wangu alipokunywa maji ya dimbwi. Mtaalamu wetu, dada mmoja mpole, alisema mle kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vimeishi na ile sumu miaka mingi mpaka vimejifunza kuila. Anavilisha samadi vizaliane, kisha avirudishe vikasafishe pale.

Nikamcheka. "Dada, sumu inaliwa kama ugali?"

"Inaliwa, Mama Elia. Ila polepole."

Bado wananiita hivyo, Mama. Sikuwa nimewaambia kwamba Elia hayupo.

Ijumaa nikabaki peke yangu. Kufungua banda wanakouweka ule udongo, ile harufu ikanipiga. Ni ile ile iliyokuwa kwenye shati lake siku tulipomkimbiza hospitali. Sikufikiri. Nikachukua dawa ya kusafishia choo nikamwaga kwenye ndoo zote sita za udongo, nikakoroga, nikasugua mpaka mikono ikachubuka. Niliona kama namwosha mwanangu.

Jumatatu dada akapima. Vijidudu vyote vimekufa. Nikakiri, nikamsimulia na habari za Elia. Nilingoja anifukuze. Akakaa sakafuni pembeni yangu, akasema, "Pole, mdogo wangu. Lakini udongo mwingine nitaupata wapi? Safari ya huko ni mpaka mwakani."

Mwakani ni mbali. Mvua zikianza dimbwi litajaa tena, na Neema ameshajua kutembea.

Nikamwambia, "Nina mama."

Najua tangu tumzike hujakanyaga pale, hata kisimani unapita njia ya mbali. Nakuomba uende. Vaa mabuti ya baba, funga mikono kwa mifuko, Neema abaki kwa shangazi. Chimba pale pembeni majani yanapoanza kuchomoza, dada anasema ndipo vilipo. Tia kwenye ndoo yenye mfuniko, usiukaze, vinapumua. Udongo usiuanike, usiumwagie kitu chochote. Mpe kondakta wa basi la Arusha, atampa mwenzake wa huku.

Nisalimie baba, na shangazi muuza vitunguu, na yule mwalimu wa kwaya aliyetuimbia makaburini. Neema mbusu kisogoni, hapo anapopenda.

Ukikaribia pale na miguu ikakataa, Mama, kaa kwanza kwenye lile jiwe la njiani. Lia. Halafu uinuke, uchimbe.

Mwanao,
Mama Elia na Neema