Vishazi Ulivyomwandikia Gati

Nyamwaga,
Tarime.
14 Septemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Sadock,

Umenitia aibu mbele ya wageni wangu, mura, na hukuwepo hata kuiona. Lakini sikulelewa kuanza ugomvi kabla ya salamu. Marahaba. U mzima? Mkeo Precious anaendeleaje na ule mgongo? Mtoto Amos ameota meno? Mimi goti linauma, mahindi tumevuna, migomba miwili imeangushwa na upepo. Basi, salamu zimekwisha.

Nimeshika kalamu mwenyewe, na darasa langu la nne hili hili, kwa sababu sitaki kulisema jambo hili kwenye simu ya Felistas wa dukani, wateja wote wakisikiliza. Ni kwa simu hiyo hiyo mdogo wako Gati alikuwa akikutumia picha za mazoezi ya Kiingereza. Alisema kaka ni mwalimu huko Sumbawanga, anamwelekeza. Nikajivuna. Nikasema damu yetu hiyo.

Mwezi uliopita akaleta daftari. Zoezi la vishazi, ishirini kwa ishirini! Mtoto anayerudia kidato cha pili! Nikachinja mbuzi. Ndiyo, yule beberu mweupe. Nikaita majirani, nikamwita na mwalimu wake, Mwalimu Akello, nimpe mguu wa nyuma kwa mkono wangu, kama mtu aliyetuponyea mtoto.

Mama yule alikuja na heshima zake. Tulipokwisha kula akamwomba Gati, kwa upole, awaeleze wageni hivyo vishazi alivyovipata vyote. Gati akatazama chini. Mwalimu akataka kumsaidia, akasema, "Ng'ombe walipofika nyumbani..." halafu akanyamaza. Mzee Filemoni akapaza sauti: "Walipofika ikawaje? Mwalimu, usituache njiani!" Watu wakacheka. Mwalimu akasema hicho ndicho kishazi tegemezi, kinamngoja mwenzake, na mzee amekijua bila daftari. Sadock, Filemoni hajui hata kusoma! Na Gati mwenye ishirini zake akainuka akakimbilia jikoni.

Mguu wa mbuzi Mwalimu Akello hakuuchukua. Aliniambia sikioni, "Bibi, mguu huu ni wa aliyeandika, na leo nimeona si Gati." Ukabaki kwenye beseni, nzi wakiuzunguka.

Nilimkuta Gati jikoni analia. Alikuomba mara mbili umweleze, ukamjibu huna nafasi, achukue majibu. Huna nafasi! Ya watoto wa watu unayo, ya mdogo wako huna? Wewe babu yako alikupa ndama uchunge, ukawapoteza mtoni, akakurudisha ukawatafute mwenyewe. Hakwenda kukutafutia. Ndiyo maana mpaka leo ukitazama zizi unajua aliyepungua. Gati wewe umempa nini? Maziwa yaliyokwisha kukamuliwa.

Na usidhani ana kichwa kigumu. Siku hizi anabaki shuleni na Mwalimu Akello, na jioni tukipukuchua mahindi mimi namwanzishia: mvua ikinyesha... Anamalizia kwa Kikurya, kisha Kiswahili, kisha hicho Kiingereza chenu. Kinachechemea, lakini kinatembea. Juzi amenisahihisha mimi! Nikakasirika, nikafurahi.

Mtihani ni Novemba. Akianguka mara hii shule haimpokei tena, unajua hivyo kuliko mimi. Baba yenu mdogo Kisyeri ameshaanza kusema aende Sirari akamsaidie shangazi Regina kuuza nguo. Nimekataa. Lakini kukataa kwangu kutasimama na nini mtoto akirudi na sifuri?

Shangazi Regina anakusalimu. Felistas pia, ingawa amenuna kwamba simu yake mmeifanya ya udanganyifu. Msalimie sana Precious, umbebe Amos kwa mikono yangu. Mungu awalinde nyote, na wewe akupe subira, maana hiyo sikukuachia.

Sasa sikiliza. Majibu usitume tena, hata moja. Jumamosi hii saa kumi, na kila Jumamosi mpaka mtihani, piga kwa Felistas. Gati atakuwa pale. Muulize, halafu funga mdomo umsubiri amalize mwenyewe, hata vocha ikiisha.

Akupendaye pamoja na hasira zake,
Bibi yako Bhoke