Saruji Juu ya Udongo

Jumatano, 11 Machi 1987. Koboko

Nimegeuza matofali tena. Upande wa juu mkavu, ukigongwa unalia kama chungu. Upande wa chini bado mbichi. Jua la hapa halikaushi, linachoma ngozi tu. Matofali na mimi hali moja: nje ngumu, ndani maji. Yaliyopasuka nimeyarudisha shimoni, nikayakanyaga upya. Wapita njia wamesimama kutazama kitambi changu kikicheza ngoma kwenye tope. Wacheke.

Zamzam bado yuko ng'ambo ya mpaka, Zaire, kwa kaka yake Saidi. Saidi amesema dada yake hatalala tena chini ya turubai. Nyumba kwanza. Inyeshewe, isimame, ndipo mke wangu arudi. Kana kwamba nimeomba kukopeshwa.

Ijumaa, 20 Machi

Kuta zimefika juu. Paa la nyasi tayari. Imebaki kusiriba.

Hapo ndipo shida. Kwetu kusiriba ni kazi ya mama mwenye nyumba na dada zake. Udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, majivu, viganja. Mwanaume akiishika kazi hiyo atachekwa mpaka Arua. Na kumwomba Zamzam aje ni kumwomba Saidi. Siombi.

Nimepanda lori kwenda Arua. Nimerudi na saruji.

Jumapili, 29 Machi

Plasta imekwisha. Nyumba imekuwa kama ofisi ya serikali. Nimeizunguka na kuikodolea macho zaidi kuliko nilivyomtazama Zamzam siku ya harusi. Nimetuma salamu ng'ambo: Saidi aje aone.

Alhamisi, 2 Aprili

Joto baya. Matofali yanazidi kunywea, saruji haitaki kuyafuata. Ufa mwembamba juu ya dirisha, kama unywele. Jioni umepata ndugu.

Nalichukia jua.

Jumamosi, 4 Aprili

Sasa naichukia mvua. Imepiga tangu adhuhuri. Maji yameingia kwenye nyufa, na kutoka hayatoki. Nimegonga ukuta, umejibu kama ngoma iliyolowa. Hewa nzito, shati halikauki, hata chumvi imekuwa uji.

Jumapili, 12 Aprili

Saidi amekuja na baiskeli. Kanzu nyeupe, ya kwendea harusini. Sikuwahi kumwambia asiguse. Ameegemea ukuta, kipande cha plasta kikubwa kama sinia kikabanduka. Nyuma yake tope tupu. Kanzu imechafuka mgongo mzima.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

“Shemeji, hii hapana nyumba. Hii iko mandazi. Nje iko ngumu, ndani iko unga.”

Nikasema inahitaji muda kidogo.

“Muda ya kuanguka?”

Kile kipande amekifunga kwenye keria ya baiskeli, akavuka nacho mpaka kumwonyesha dada yake. Namchukia. Amesema kweli, kwa hiyo namchukia zaidi.

Ijumaa, 24 Aprili

Zamzam amekuja, na dada zake wawili. Salamu hakuna. Amekitupa kile kipande mlangoni.

“Nimerudisha ukuta yako. Nani alikuambia vika udongo koti ya saruji? Jasho yake itatoka wapi?”

Nikasema nilitaka ipendeze.

“Ipendeze nani? Mimi ama Saidi?”

Amechukua jembe langu akaanza kubandua. Kila pigo nimelisikia mgongoni; nadhani ndiko alikolenga. Matofali ya chini yalikuwa uji. Pembe moja tumeijenga upya.

Nilipotaka kujitenga kivulini akanionyesha tope na mavi ya ng'ombe. “Kanyaga. Umechekwa kwa ujinga. Leo uchekwe kwa kazi.” Nimekanyaga mbele ya barabara nzima. Nimechekwa vizuri sana.

Wamesiriba mpaka alasiri. Ameniagiza nitundike mikeka upande wa jua, udongo usikauke kwa pupa ukapasuka. Kisha wameondoka. Hakulala hapa.

Jumatatu, 4 Mei

Mvua tangu asubuhi. Imewakuta Saidi na Zamzam wakiingia, na mzigo wa Zamzam umefungwa kwenye keria. Saidi hakuufungua. Kanzu ileile, imefuliwa. Ameketi na kuegemea ukuta, makusudi. Ni mfungo, hata chai ya kujifichia hakuna. Watatu tunasikiliza paa. Zamzam alikuwa anatazama nje.

Mvua imekatika mchana. Saidi akasimama. Nimetazama mgongo wake kabla ya uso.

Mweupe.

Naye amejipapasa nyuma, akakiangalia kiganja. Ametoka, akafungua mzigo, akauweka mlangoni.

Baiskeli imeondoka na mtu mmoja.