Dubu wa Kijijini kwa Ishaq

Maskati, 9 Machi 1967

Dada yangu Mahbuba,

Salamu hizi zikukute huko Mombasa u mzima, wewe na wanao. Mimi nimenenepa kwa furaha! Miezi mitatu ya ndoa, na Ishaq bado ananimenyea machungwa kwa mkono wake. Nnampenda hata naona haya kukuandikia.

Ila kila Alhamisi hupanda kijijini kwao mlimani, akalala siku mbili. Aliniambia, kwa Kiarabu chao cha mlimani, wanazungushia mazizi uzio wa miba, ili dubu asile mbuzi na watu wasimpige risasi. Dubu! Mimi niliyefaulu jiografia! Dubu yuko kwenye theluji, na hapa hata mvua ni bahati. Nikajisemea, dubu huyo ana wanja machoni.

Nikamkabili. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Dhiib, habibti, nilisema dhiib! Mbwa mwitu! Nyie watu wa Unguja Kiarabu chenu kina maji."

Nikacheka nami. Nikamwambia, "Basi nichukue Alhamisi hii, nikakushikie miba."

Kicheko kikamkatika. "Njia ya punda ile, utachoka," akasema, akaomba kahawa.

Dhiib nimemkubali, Dada. Lakini mtu ashinde mazizini akifunga miba, kisha kanzu yake irudi imefuliwa, imepigwa pasi, inanukia udi? Na udi ule si wangu.

Mama usimwambie. Wewe nijibu upesi: nipande punda, au ninyamaze?

Mdogo wako mwenye raha zake,
Shaikha