Mama na Kambi ya Mawimbi ya Shelly Beach

Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Habib,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Annika na wanangu Idris na Kulthum mdogo. Baridi ya Hamburg imeshaanza? Kifua cha Idris kimepoa, au bado anakohoa usiku? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mvua za vuli zimetupitia kidogo tu, uani ni matope lakini paa halivuji.

Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu zangu hupokei. Sikulaumu. Jirani yetu Rahima alikuja kwa likizo na sasa anarudi huko, basi nimempa barua hii akutilie mkononi. Nimemwambia asiondoke mlangoni pako mpaka aone umeifungua.

Ukiniuliza hali yangu, sina la kukwambia. Tangu Mama alipofariki mwezi wa tisa, sijalia. Nilimwosha mwenyewe pamoja na wanawake wenzangu, nikamtia kafuri, nikamwona akitolewa mlangoni, na ndani yangu kimya. Watu walikuwa wakinitazama, wakingoja. Mpaka leo naamka, naswali, nashona madera ya watu, napika cha watu wawili na nusu yake nampa paka. Sioni uchungu wala raha. Wakinipa pole naitikia, kisha naendelea na nilichokuwa nikifanya.

Sasa ile safari yenu ya Disemba. Baada ya mazishi uliniletea ujumbe mmoja tu: “Dada, vunja nafasi zetu za kambi. Sina sababu ya kuja tena.” Nikakaa nao. Juma lililopita nikajitia buibui nikaenda kuivunja.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Watoto walikuwa wamependa mchezo wa kupanda mawimbi kwa ubao, nawe ukatafuta mahali penye joto pa kuwapeleka kujifunza. Ukaiona hiyo kambi ya Shelly Beach, hapa hapa kwetu. Mama alipoambiwa mtalala huko alikasirika, sufuria zikalia jikoni siku nzima. “Mwanangu alale kwa watu, kwani mimi nimekufa?” Halafu siku moja akanyamaza, akaniambia basi, na yeye atakwenda kulala huko huko na wajukuu. Nilidhani ni maneno tu.

Kambi yenyewe si kubwa. Ni vibanda vya makuti juu ya jabali, na banda moja lililojaa mbao za mawimbi zilizosimamishwa ukutani, ndefu kuliko mtu. Mwenyewe ni Valarie, Mluhya aliyezaliwa Likoni. Ana nywele fupi na miguu iliyopauka kwa chumvi. Nilimwambia jina langu tu, akaweka chini alichoshika.

“Pole sana, dada. Nimempoteza mwanafunzi wangu.”

Nilifikiri amenifananisha. Nikamuuliza, “Mwanafunzi gani?”

“Mama Kulthum,” akasema. “Mama yako.”

Habib, Mama alikuwa akijifunza kupanda mawimbi.

Unajua aliponiaga alikuwa akisema anakwenda Timbwani kutazama mgonjwa. Alikwenda tangu mwezi wa saba, nami sikuuliza ni mgonjwa gani huyo asiyepoa wala kufa. Kumbe alikuwa akienda kwa Valarie. Ndani ya dera alivaa suruali, na mtandio akaubana kwa pini mpaka shingoni. Valarie alimlaza kifudifudi juu ya ubao, maji yakiwa ya magoti, akaushika mpaka lije wimbi dogo. Likija anauachia, ubao unamchukua Mama mpaka mchangani. Kila wimbi alipiga takbiri. Wageni walisimama kutazama, naye akawapungia mkono.

Valarie alimuuliza kwa nini ahangaike na umri ule. Mama akamjibu, “Wajukuu zangu hawajui Kiswahili, nami sijui Kijerumani. Wakija tutazamane tu kama masanamu? Nikilijua hili, tutakuwa na la kufanya pamoja.”

Mimi sikucheka wala sikulia. Nilichofanya ni kumkasirikia yule mwanamke. Nikamwambia, “Ulijua kuwa ana presha?”

“Aliniambia siku ya kwanza,” akasema. “Nikamwambia amuulize daktari. Akarudi akasema daktari amekubali, mradi asiende kilindini.”

“Daktari gani?”

Akainamisha kichwa. “Hilo sikumuuliza, dada. Laiti ningemuuliza.”

Nami sijui kama Mama alimuuliza daktari kweli, au alijipa ruhusa mwenyewe. Unamjua. Mara ya mwisho kwenda huko ilikuwa zaidi ya wiki kabla ya kufa, na alifia nyumbani, ameketi kwenye mkeka akichambua mchele. Alisema kichwa kinamuuma, akaegemea ukuta. Kama maji yalichangia, sijui, wala sina wa kumuuliza. Nalala nalo, naamka nalo.

Nilitaka kukuficha haya. Niliogopa utasema safari yenu ndiyo iliyomuua, na kwetu hutakanyaga tena. Kisha nikaona ukija kuyasikia kwa mtu mwengine itakuwa vibaya zaidi. Na lipo jengine ninalolijua mimi peke yangu. Siku zile aliporudi kutoka kwa huyo mgonjwa wake wa Timbwani, Mama alikuwa na njaa. Alikula sahani mbili za wali, akalala mchana kama mtoto, akaamka akiimba. Mimi nilidhani ni dawa mpya ndizo zilizomkubali.

Basi kambi sikuivunja. Nilimwambia Valarie angoje, nikarudi nyumbani kushona.

Ijumaa akaja Mjomba Mohdhar kutoka Jomvu Kuu. Alikuwa amesikia nimeonekana pwani kwa watu wa mchezo wa maji. Hakunywa hata chai. “Swabra, kaburi la dadangu halijakauka. Watu watasema nini wakisikia watoto wake wanacheza maji?”

“Mjomba, matanga tumeshaanua,” nikamwambia. Kisha nikamhadithia yote kama nilivyokuhadithia. Sikupamba kitu. Alisikiliza huku akiitazama kofia yake mapajani. Nilipomaliza nikangoja anikemee.

“Alisimama?” akaniuliza.

“Juu ya ubao? Hapana, Mjomba. Alikuwa akilala tu.”

“Hata kulala,” akasema, “baharini si mchezo.” Akavaa kofia, akaomba ile chai. Alipokuwa akiondoka akaniambia nikuandikie, mkija mumpelekee watoto Jomvu Kuu siku moja, wale samaki.

Ulisema huna sababu ya kuja tena. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi. Mimi bado niko hai, Habib. Najua kinachokufunga. Hukumzika Mama, ndege ingekufikisha baada ya kaburi kufunikwa, nawe unaona haya hata kuisikia sauti yangu. Hapa hakuna aliyekuhesabia hilo kosa. Alizikwa asubuhi, kama yeye mwenyewe alivyokuwa akitaka, bila kungojewa mtu.

Basi yashike haya, umweleze na Annika. Mkishuka uwanja wa ndege si lazima kuja kupanga foleni ya feri, siku hizi gari inapita Dongo Kundu na kutokea huku kwetu. Mbao msibebe, ziko tele. Watoto waje na viatu vya mpira, matumbawe yanakata, na fulana za mikono mirefu za kuogelea, kwa kuwa jua la Disemba halina huruma na ngozi zao. Valarie anasema wakati wa kaskazi mawimbi huku ndani ya mwamba ni madogo, yanawafaa wanaoanza. Idris akitaka makubwa itabidi avumilie. Wanafundishwa maji yakijaa nusu. Chakula cha asubuhi hapo kambini ni mkate na mayai, kwa hivyo mahamri na mbaazi nitaleta mimi.

Jana Valarie alinipigia simu kupanga vitanda. Akasema mlikuwa mmeandikiwa vitano, pamoja na cha Mama, tena Mama mwenyewe alikichagua, kile cha dirishani karibu na watoto. Akaniuliza kwa upole kama akiondoe.

Nilikuwa na sindano mkononi. Nikaichomeka kitambaani. Nikamwambia asikiondoe, aandike jina langu. Akaniuliza na masomo je, niandikwe pia. Mimi hata kuogelea sijui. Nikamwambia aniandike. Sina hamu, Habib, nisikudanganye. Lakini watoto wako hawajui Kiswahili, nami Kijerumani sikijui.

Nisalimie sana wifi yangu Annika, na umwambie zile picha alizonitumia zimefika. Wabusu Idris na Kulthum mdogo, umweleze Kulthum huyo bibi yake, somo wake, alikuwa mtu wa namna gani. Mjomba Mohdhar na watu wote wa Jomvu Kuu wanawasalimu. Mwenyezi Mungu amlaze Mama mahali pema, na nyinyi awavushe salama mpaka mnifikie.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye hata unaponyamaza,

Swabra