Nimekifundisha Kiini Kuitikia Jina la Kuazima

Bibi yetu wa ukurasa huu, shikamoo. Naomba unipe sikio, maana jambo hili nimelibeba siku tisa na limenielemea, na mume wangu nikimwambia anajibu, "Hizo kompyuta zako zitakunyonyoa nywele," basi, mazungumzo yameisha.

Mimi ni fundi wa kompyuta hospitalini, ninatunza kompyuta ishirini na nne tulizopewa, zote za kampuni moja, na nne kati yake ziko chumba cha watoto njiti, zinaonyesha joto la kila kitanda. Ndani ya kila kompyuta, Bibi, kuna programu ya kiwandani, iliyopachikwa humo na watengenezaji wenyewe, hiyo ndiyo inayoshika feni na umeme na matundu yote ya kuchomekea vifaa, halafu kuna kiini cha mfumo kinachoendesha kila kitu, na sisi tunatumia kile cha bure kinachoandikwa na mafundi wa dunia nzima, na ukibonyeza tu kitufe cha kuwasha, kiini kinabisha hodi, programu ya kiwandani inauliza, wewe nani? Siku nilipoyasoma mazungumzo yao kwenye skrini, mstari kwa mstari, mwili ulinisisimka, maswali na majibu mamia kwa mamia na mimi sijatoa hata kidole kwenye kitufe.

Sasa kiini chetu kikitaja jina lake, programu ya kampuni hii hailijui, inakiacha nje kama mgeni, feni haizunguki, kompyuta inachemka mpaka inazimika. Nilihangaika wiki sita, Sista Mkuu akipita ananichokoza, "Fundi, hizo mashine unazitengeneza au unazitongoza?" Mwishowe nikaandika kanuni fupi, mistari kumi na moja, kwamba kiini kikikutana na kompyuta ya kampuni hii, kiitikie kwa jina la ule mfumo wa dukani ambao kiwanda kinaujua. Nikawasha. Feni ikaanza kuvuma. Bibi, nilikaa sakafuni nikalia, manesi wakanipigia makofi, na tangu siku hiyo wananiita Mama Feni.

Nikaiweka kanuni kwenye zote ishirini na nne, kisha nikaituma kwa walinzi wa kiini, wale wanaokagua kila kanuni kabla haijaingizwa humo, ili kompyuta za kampuni ile zipone popote zilipo, kumbe zile nne za njiti ni za toleo jipya, programu yake ya kiwandani ni nyingine kabisa, na shida ya feni hazikuwa nayo hata kidogo. Zikisikia lile jina la kuazima, halafu zikalala kidogo na kuamka, tundu la kipimajoto halipati umeme na skrini inabaki na namba ya mwisho. Niligundua nilipoona kitanda cha tatu kimeganda kwenye 36.8 toka asubuhi mpaka mchana. Mtoto alikuwa salama, manesi wanampima kwa mkono pia. Sikusema. Niliziwasha upya kimyakimya, na sasa kila baada ya saa mbili napita na kitambaa, nazuga nafuta vumbi, naziwasha upya.

Juzi mlinzi mmoja wa kiini, mzee nisiyemjua hata sura, ameniandikia: "Kazi nzuri. Umeijaribu kwenye kompyuta zote za kampuni hii?" Nikijibu hapana, kanuni itarudishwa, na jina langu, ambalo lingekaa humo pamoja na majina ya mafundi wakubwa, halitakaa, na Sista atajua. Nikijibu ndiyo, Bibi, sijui hata nimalizieje. Nifanye nini?

Mama Feni


Marahaba, mjukuu wangu. Haya ninayoyasema hapa umeshayasikia kwa simu. Nilimwagiza mkwe wangu akupigie siku ileile barua ilipofika, maana watoto njiti hawasubiri gazeti. Nayarudia kwa ajili ya wengine wenye vitambaa vya vumbi.

Mimi shule niliiona kwa nje. Barua yako nimesomewa mara tatu, na mara ya tatu nikamwambia mkwe weka kikombe chini, rudia pale penye hodi. Yaani kuna kitu kisicho na mkono wala mdomo, kinabisha mlangoni, kinaulizwa jina, kinajibu, na mtu bado hajatoa kidole? Miaka sabini na ushee nadhani hayo madude yanawaka tu kama taa! Na wewe, mtoto wa mwanamke mwenzangu, umesimama mlangoni hapo ukawapatanisha kwa mistari kumi na moja. Mimi nimepatanisha ndoa kwa maneno mengi kuliko hayo na bado wakaachana. Nimeshika mdomo mpaka sasa.

Sifa zimekwisha. Nisikilize.

Nilizaa mapacha. Mmoja akapata kikohozi, nikawanywesha dawa wote wawili, nikisema sura moja, tumbo moja, kijiko kimoja. Yule mzima akavimba mpaka macho yakafunga. Mama mkwe wangu hakunifokea, aliniuliza tu, "Na huyu alikohoa?" Nami nakuuliza: zile nne zilikohoa?

Hilo ni kosa la kazi, na asiyekosea ni aliyelala. Linalonikera ni kitambaa. Kiini kiliazima jina ili feni izunguke. Hapo naona akili. Wewe unaficha ili kizunguke nini? Makofi? Na siku ukishikwa na homa ukabaki kitandani, akaingia nesi mgeni akaiamini namba iliyoganda, utamwambia nini mama wa yule mtoto?

Nenda kwa Sista Mkuu. Kwenye simu ulimwambia mkwe wangu eti mpaka unywe chai kwanza! Chai ya nini? Usimzungushe na "kuna changamoto ndogo." Mwambie namba hizi nne zinaganda, msiziamini, pimeni kwa mkono mpaka niwaambie. Bandika karatasi kwenye kila skrini, halafu uziondolee hizo nne lile jina la kuazima leo hiihii. Atafoka. Mwache afoke, watoto wako mikononi mwake.

Ukitoka hapo, ifinye kanuni yako. Isiseme "kampuni hii." Iseme kompyuta ya aina hii, yenye programu ya kiwandani namba hii, basi. Mkwe wangu anashangaa hukufanya hivyo tangu mwanzo. Nimemwambia anyamaze, yeye hata redio inamshinda.

Na yule mzee mjibu "Hapana." Anza na neno hilohilo, kisha umweleze zile nne zilivyofanya. Jina lako likikaa, likae na kanuni iliyo sawa. Wala usimwogope. Mtu anayeuliza swali kama lile, naye aliwahi kumnywesha pacha asiyekohoa.

Ukimaliza yote hayo, nina ombi langu. Pita nyumbani na kompyuta moja, niione ikibisha hodi. Mkwe anasema ni upesi kuliko kupepesa jicho. Basi nitakaa karibu, nishike meza, nisipepese.